Sahani ya Buluu ya Mama Mkwe

Ukitoka Mwanza kwa basi la kwenda Musoma, ukifika Lamadi shuka, kata kulia uifuate barabara ya Bariadi. Ziwa utaliacha nyuma yako, na mbele utaona nchi tambarare yenye mawe makubwa yaliyokaa kama yamepangwa na mtu, mashamba ya pamba, ng'ombe wengi kuliko watu, na miji iliyozungushiwa ua wa minyaa. Huko ndiko nilikoolewa mwaka 2002, wakati Bariadi ingali wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Mimi ni muuguzi, na siku za Jumamosi nawasaidia akina mama wa kanisani kwetu kuwatembelea wagonjwa majumbani. Habari ninayowaandikia leo ilianza katika kabati la vyombo.

Kabati hilo liko sebuleni kwa mama mkwe wangu, mwendo wa dakika arobaini kwa pikipiki kutoka mjini. Lina vioo viwili, kimoja kimepasuka. Ndani yake kuna vikombe vya bati, birika lisilo na kifuniko, vitambaa vya kufuma, na katikati, ikiwa imesimamishwa kama picha, sahani moja ya buluu na nyeupe. Mama haipakulii chakula. Huitoa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, akaiosha mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, akairudisha.

Katika sahani hiyo kuna nyumba yenye mapaa yaliyopinda juu kama pembe, mti ulioinamisha matawi yake, daraja lenye watu watatu, mashua, ua wa kwenda upogo mbele kabisa, na juu angani ndege wawili wanaotazamana. Mama alikuwa na hadithi yake, na watoto wote wa ukoo ule wameikulia. Wale watatu, alisema, ni wanawake wanaomsindikiza bibi harusi. Ua ule ni minyaa. Mashua ni ya wavuvi wa Lamadi. Ndege ni wazazi wa binti, wanamtazama anavyokwenda.

Sahani zilikuwa mbili. Marehemu baba mkwe alizinunua katika duka la Mhindi pale Malampaka, kwenye stesheni ya reli, kwa fedha za pamba za mwaka 1962, msimu aliomwoa mama. Hiyo ya pili ilivunjika mwaka nilioolewa. Nitairudia habari yake, ingawa ningependa nisiirudie.

MGENI MWENYE MKOBA

Mwezi wa sita mwaka 2023 alifika nyumbani mwanamume mmoja aliyevaa vizuri, ana mkoba, akisema ananunua vitu vya kale. Aliiona sahani kupitia mlangoni. Aliishika, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akatikisa kichwa. Akamwambia shemeji yangu kwamba hiyo ni kauri ya Uchina ya miaka mia nne, na kwamba thamani yake ni mamilioni ya shilingi. Dalili, alisema, ni kwamba haina muhuri wowote nyuma, maana watu wa kale hawakupiga mihuri. Kilichobaki ni kuipeleka Dar es Salaam ikapimwe kwa mionzi, na gharama ya kipimo ni shilingi laki tatu, za kulipwa kabla. Angerudi baada ya wiki tatu kuchukua sahani na fedha.

Mama alikuwa na mtamba mmoja ambaye tulikubaliana wote kwamba atauzwa kwa ajili ya macho yake. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Kwa wasioufahamu ugonjwa huu: kioo kilichomo ndani ya jicho hufifia taratibu kama dirisha lililopigwa na mvuke, hadi mtu hatambui uso wa mjukuu wake. Hakuna dawa ya matone inayoliondoa. Dawa yake ni upasuaji mfupi, kile kioo kilichofifia hutolewa na kuwekwa kingine cha kutengenezwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Sasa shemeji akasema mtamba auzwe kwanza kwa kipimo cha sahani, kisha mamilioni yakija mama atatibiwa Dar es Salaam kwenyewe, na nyumba itaezekwa upya.

Mume wangu alinyamaza. Yeye ni mtu wa kunyamaza. Mimi nilisema, "Shemeji, mwezi huu nina mkutano wa akina mama Dar es Salaam. Nipeni sahani niende nayo, niulize kwa watu wanaojua, tusilipe kitu."

Shemeji hakupendezwa, lakini mama alisema, "Mpeni." Akaifunga mwenyewe ndani ya sweta lake, juu ya sweta khanga. Nilisafiri nayo mapajani zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Kila basi liliporuka tuta nilihisi moyo unaruka nalo.

MAKABURI YA KUNDUCHI

Mwenyeji wangu Dar es Salaam, mama mwenzetu wa kanisani, ana binti aliyesomea mambo ya kale Chuo Kikuu. Nilimwonyesha sahani usiku ule ule. Aliitazama kidogo tu, akatabasamu, akasema, "Mama, kesho nikupeleke Kunduchi kwanza. Ukishaziona za Wachina wenyewe, hii utaisoma bila mimi."

Kunduchi iko kaskazini mwa jiji, kando ya bahari. Wengi tunaijua kwa hoteli na samaki. Nyuma ya hayo, chini ya mibuyu mikubwa, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 16 na makaburi ya Waswahili wa zamani. Tulijifunika vichwa tukaingia taratibu, maana ni mahali pa wafu wa watu. Makaburi mengine yana nguzo ndefu za mawe na chokaa, na ndani ya nguzo hizo wajenzi walipachika sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina, kama mwanamke anavyopachika shanga kwenye nguo. Nyingi zimekwisha kung'olewa na watu, pamebaki vishimo vya mviringo. Nilisimama mbele ya nguzo moja nikavitazama. Sikuwa nimejua kwamba kuna mtu anayeweza kuchokoa sahani kaburini.

Lakini vipande vingine vimebaki vimeshikwa na chokaa. Yule binti aliniambia nisogeze macho. "Tazama hilo ua, mama. Unaona brashi ilipoanza, rangi ni nzito, na ilipomalizia, rangi imekuwa nyepesi? Tazama majani mawili haya. Yanafanana?" Hayakufanana. Lilikuwa limechorwa na mkono wa mtu, haraka, bila woga, kama mama aliyezoea anavyokata mboga bila kutazama kisu.

Alinieleza kwamba pwani yetu yote ilikuwa sokoni pamoja na Uchina, Uajemi, Bara Hindi na Arabuni kwa mamia ya miaka. Kilwa, Kaole karibu na Bagamoyo, Gedi huko Kenya, kote vigae vya Kichina vinaokotwa. Mwaka 1955 mtaalamu Mwingereza, Mortimer Wheeler, alipita kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akasema kwamba maishani mwake hajapata kuona kauri nyingi zilizovunjika kama alizoziona kwa wiki mbili zile, na kwamba historia ya nchi hii iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri za Uchina. Huko Lamu matajiri walijenga vidaka ukutani, vishubaka vidogo vya chokaa, na ndani yake wakapanga sahani kama mama mkwe wangu alivyopanga yake. Nilicheka kusikia hivyo. Kumbe ugonjwa wetu wa kabati la vioo ni wa siku nyingi.

Rangi yenyewe ya buluu inatokana na madini ya kobalti. Wachina waliipata ile nzuri kutoka Uajemi, na kuanzia karne ya 14 mafundi wa mji wa Jingdezhen walitengeneza kauri nyeupe zenye michoro ya buluu zilizopendwa dunia nzima. Kobalti ina sifa moja: huvumilia moto mkali wa tanuri bila kupotea. Ndiyo maana vyombo hivi ni vya buluu, si vya kijani wala vyekundu.

HII YETU JE?

Tulirudi nyumbani, tukaiweka sahani mezani juu ya kitambaa. Nilikuwa na kioo cha kukuzia ambacho hutumia kutazama vijiti vilivyochoma watoto miguuni. Nikaanza.

Kwanza niliishika sahani mbele ya taa, vidole nyuma yake. Kauri ya kweli hupitisha mwanga, unaona kivuli cha vidole kama unavyoona mifupa katika picha ya eksirei. Yetu haikupitisha chochote. Ilikuwa udongo mweupe uliochomwa, si kauri.

Pili, mchoro. Chini ya kioo sikuona mahali popote brashi ilipoanza wala ilipoishia. Niliona vistari vidogo na vidoto, maelfu, vyote sawa, kama picha ya gazeti. Majani ya mti yalikuwa na uzito mmoja wa rangi toka ncha hadi ncha. Huo si mchoro wa mkono, umechapwa.

Binti akaeleza jinsi Waingereza walivyofanya kazi hiyo, nami niliipenda sana habari yake kwa kuwa inafanana na kazi za jikoni. Fundi alichonga picha nzima kwenye bamba la shaba kwa sindano na patasi ndogo. Bamba lilipakwa wino wa kobalti na mafuta, likapashwa moto, likafutwa ili wino ubaki kwenye mistari tu. Juu yake ikawekwa karatasi laini sana, ikakandamizwa, ikanyanyuliwa na picha yake. Wanawake na wasichana wakaikata karatasi hiyo kwa mkasi, wakaibandika kwenye sahani iliyokwisha chomwa mara moja, wakaisugua kwa nguvu, halafu wakaitia majini karatasi itoke na wino ubaki. Kisha sahani ikapakwa maji ya kioo na kurudishwa motoni. Kwa njia hii bamba moja lilizaa sahani nyingi zinazofanana kama mapacha. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 18, huko Staffordshire, wilaya ya wafinyanzi katikati ya Uingereza, na kauri ya kweli ya Uchina ilikuwa ghali mno kwa watu wa kawaida.

"Sasa tafuta mshono," akaniambia.

Mshono! Niliuzungusha ukingo wa sahani polepole. Ukingo huo una mapambo ya miraba na maua yaliyobanana. Karibu na mahali ambapo saa ingeonyesha saa nne, mapambo yakakatika ghafla: nusu ya ua ikakutana na nusu ya mraba. Ni pale msichana wa kiwandani alipounganisha vipande viwili vya karatasi, na hakujali sana, labda ilikuwa jioni na miguu ilimuuma. Kwa miaka 21 nimekuwa nikiitazama sahani ile kila Krismasi na sikuwahi kuona mshono. Mchoro wa mkono hauna mshono. Mwenzangu ukitaka kukumbuka kitu kimoja tu katika haya yote, kumbuka mshono.

Nyuma yake kulikuwa na vidonda vitatu vidogo vya kukwaruza, vimekaa pembetatu. Ni mahali sahani ilipokalia vijiguu vya udongo ndani ya tanuri isigandamane na mwenzake. Na ule mduara wa chini sahani inapokalia meza ulikuwa laini, umefunikwa na kioo. Katika sahani nyingi za Kichina mduara huo huachwa wazi, udongo mtupu, wakati mwingine na chembe za mchanga.

Na picha yenyewe ina jina. Waingereza huiita kwa jina la ule mti ulioinama, ambao wasomaji wa Biblia tunaujua kama mierebi ya vijito. Ilianza kuchapwa karibu na mwaka 1790. Wachongaji walichukua nyumba kutoka kauri moja ya Kichina, daraja kutoka nyingine, mti kutoka nyingine, wakaunganisha kadiri walivyopenda. Hakuna mahali Uchina panapofanana hivyo. Baadaye, katika karne ya 19, Waingereza wakatunga na hadithi ya kuisindikiza: binti wa tajiri alimpenda karani wa baba yake, wakatoroka kwa daraja, baba akawafukuza na mjeledi mkononi, mwishowe wapenzi wakafa na kugeuka ndege wawili. Wachina hawakuwa na hadithi hiyo. Ilisaidia sahani kununuliwa. Mamia ya viwanda viliichapa picha hii, Uingereza kwanza, kisha nchi nyingine za Ulaya, kisha hata Japani. Katika pwani yetu na Zanzibar vilifika pia vyombo vingi vya kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, ambacho alama yake ilikuwa mnyama Sphinx wa Misri. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, mizigo ya Pwani ikawa inashushwa mpaka Malampaka, na huko akaja kijana mwenye fedha za pamba mfukoni na harusi mbele yake.

Nilimuuliza kuhusu muhuri. Akasema yule mgeni alitudanganya mara mbili. Kauri nyingi za Kichina zina maandishi chini, na sahani nyingi za Kiingereza hazina chochote, kwa kuwa kiwandani si kila sahani ilipigwa muhuri. Ila ukikuta neno England, jua kwa kawaida ni ya kuanzia mwaka 1891, maana sheria ya Marekani ya mwaka uliotangulia ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Ukikuta Made in England, mara nyingi ni ya karne ya 20.

Akaongeza jambo ambalo shemeji yangu alipaswa kulisikia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kama sahani ingekuwa kweli ya miaka mia nne, mgeni yule asingeruhusiwa kuitoa nje ya nchi bila kibali cha serikali. Na kama si ya kale, laki tatu za nini?

"Lakini mtu mbishi hataamini mshono," akasema. "Ungekuwa na kigae kimoja tu cha sahani kama hii ungemaliza ubishi. Mahali palipovunjika hapadanganyi. Kauri ikivunjika ndani ni kama kioo. Huu udongo ukivunjika ndani ni mkavu kama chaki, ukiugusa kwa ulimi unanata."

Nilisema, "Ndiyo." Nikaanza kuifunga sahani ndani ya sweta. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka na nilitumaini ataona ni uchovu wa safari.

KIGAE

Kigae ninacho. Mwaka 2002, mwezi wangu wa tatu katika ndoa, nilikuwa peke yangu sebuleni nikipangusa kabati. Nilitaka mama mkwe akirudi akute linang'aa. Sahani moja ikateleza. Nilikuwa mgeni katika mji ule, Kisukuma changu kilikuwa cha kubahatisha, na baba mkwe alikuwa mkali. Nilikusanya vipande nikavifukia nje chini ya minyaa. Kimoja, chenye ndege wawili, sikuweza kukifukia. Nilikifunga ndani ya kitambaa nikakitia chini ya sanduku langu.

Jioni baba mkwe aliuliza. Wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa na miaka 13, na ndiye aliyezoea kucheza karibu na kabati. Aliulizwa, akakataa, akachapwa kwa sababu ya kukataa. Wiki iliyofuata akapelekwa Meatu kwa shangazi yake akajifunze adabu. Alirudi baada ya mwaka. Mwaka huo hakusoma. Wenzake walifanya mtihani wa darasa la saba wakamwacha, na aliporudi darasani, mkubwa kuliko wote, alikaa muhula mmoja akaacha.

Nimewafundisha wasichana wengi kanisani kuhusu kusema kweli. Nimekuwa godmama wa mtoto wake wa pili. Sikupata kusema.

Niliporudi Bariadi nilifungua sanduku usiku, mume wangu akiwa zamu ya ulinzi. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya majani ya chai. Nikakigusa kigae kwa ulimi pale kilipovunjika. Kilinata. Halafu nikakigeuza nyuma, jambo ambalo kwa miaka 21 sikuwahi kulifanya, nikasoma herufi za buluu zilizofifia: NGLAND.

Jumamosi tulikutana kwa mama: shemeji, mume wangu, wifi aliyetoka Itilima na mtoto mgongoni, na jirani mmoja mzee. Niliwaonyesha taa, kioo cha kukuzia, mshono. Shemeji alitazama mshono akasema, "Hata nguo nzuri ina mshono." Aliposema hivyo mzee jirani akakubaliana naye. Mgeni angerudi Jumanne, na mtamba alikuwa amefungwa kivulini mbele yetu, anacheua.

Nikakitoa kigae nikakiweka mkekani.

Hakuna aliyeniuliza kwa muda. Shemeji alikichukua, akakilinganisha na sahani, ndege kwa ndege. Akageuza, akasoma herufi kwa sauti, moja moja. Akakigusa kwa ulimi, kama nilivyomwelekeza. Kisha akakirudisha mkekani akatazama pembeni, maana alikuwa ameelewa yote mawili.

Nilimgeukia wifi nikasema, "Wifi, nilivunja mimi. Nilikusikia ukilia nyuma ya nyumba nikaendelea kuchambua mchele."

Alimshusha mtoto mgongoni, akamfunga upya, akatoka nje. Tulimsikia akipasua kuni. Mama mkwe alinyoosha mkono hewani akitafuta, nikampa kigae. Alikipapasa kwa kidole gumba, ukingo mpaka ukingo. "Baba yenu alimpiga mtoto wangu," akasema. Hakusema neno jingine kwangu siku ile. Nilipoaga kwa Kisukuma aliitikia, lakini hakuniita mayu kama alivyozoea.

Mgeni mwenye mkoba alirudi Jumanne kama alivyoahidi. Shemeji, nimshukuru, alimuuliza swali moja tu, kwa nini sahani ya Wachina ina mshono. Mgeni akasema atarudi na mtaalamu. Hajarudi.

Mtamba aliuzwa mwezi wa nane. Mama alifanyiwa jicho la kulia kwanza, na la kushoto miezi miwili baadaye. Siku bandeji ilipofunguliwa ninyi mnaofanya kazi hii mnajua anavyokuwa mtu: alitazama mikono yake kwanza, akashangaa ilivyozeeka. Nyumbani aliomba sahani. Aliishika karibu na dirisha muda mrefu, akawahesabu wa darajani. Akaniuliza, "Huyu wa nyuma ameshika nini?" Nikamwambia Waingereza wanasema ni mjeledi, ni baba anamfukuza binti yake. Alifikiri. "Mimi niliona ni kata ya maji," akasema.

Hapa niseme jambo la kikazi kabla sijasahau. Akina mama wenye sahani za zamani za namna hii, zenye nyufa nyembamba kama utando wa buibui, msizitumie kwa vyakula vyenye ukali kama ndimu, ukwaju au maziwa yaliyoganda. Kioo cha vyombo vingi vya zamani kilitiwa madini ya risasi, na ukali wa chakula unaweza kuyavuta, hasa kwa watoto na mama wajawazito ni hatari. Ziwekeni kabatini. Na msizisugue kwa mchanga.

Sahani ipo kabatini pale pale. Kigae alikiomba wifi. Alituma mtoto wake mkubwa na baiskeli aje kukichukua, bila maneno, nami nikakifunga ndani ya kitambaa kile kile nikampa. Pamoja nacho nilipeleka bahasha kwa ajili ya ada ya binti yake wa kwanza, aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Bahasha ilirudi. Mwaka uliofuata niliipeleka tena, na safari hiyo haikurudi.

Nilikwenda Itilima kumwona mwezi wa pili, baada ya palizi. Kigae amekiweka dirishani jikoni, upande wa ndege ukitazama ndani. Alinipa kigoda. Alileta matobolwa na karanga, na maziwa katika kibuyu, akakaa mkabala nami akanimiminia.

"Kula, wifi," akasema. "Jua linakwenda."